Gari Linalowaka Mbele ya Fundi

Gari lililokufa kabisa lina heshima yake. Unalifunika turubai, kuku wanataga ndani, majirani wanakupa pole, maisha yanaendelea. Gari zima nalo halina maneno. Taabu ni lile la katikati, linalowaka Jumatatu, likagoma Jumanne, Jumatano likawaka kwa mguso mmoja mpaka ukajishuku wewe mwenyewe, na ukilipeleka gereji linanguruma kabla hujamaliza kuzungusha ufunguo. Fundi anafuta mikono kwa kitambaa, anakutazama, anasema: "Sasa mama, tatizo liko wapi?"

Langu ni pikapu ya dizeli ya mwaka 1994 iliyotoka Japani, dabo kebini, silinda nne, lita 2.8, isiyo na kompyuta wala chembe ya aibu. Ilifanya kazi kwenye mashamba ya chai ya Mufindi kabla haijaletwa Iringa mjini kubeba madaftari ya kidato cha tatu. Mwili umechoka lakini injini, kila anayeisikia husema, "Hii injini bado!" Ni kweli. Ikishawaka, haina mpinzani. Tatizo ni hapo kwenye "ikishawaka".

Anayeijua Iringa anajua kwamba mji wetu umekaa kilimani. Ukitoka Ipogolo, chini kule inakopita barabara kuu ya Zambia, unapanda kuja mjini mpaka masikio yanaziba. Hakuna maegesho yaliyo tambarare isipokuwa ya shuleni kwetu. Mlima ni baraka kwa mwenye gari bovu: ukiliegesha likitazama bondeni, unaachia breki, unatia gia ya pili, unaachia klachi, limeshtuka. Mimi niliishi hivyo kwa muda. Siku za kwenda benki nilizunguka kutafuta mteremko huku wenzangu wakitafuta kivuli. Shuleni, kwenye tambarare, nilikuwa na kidato cha tatu B wa kulisukuma, ambao hawajawahi kuonyesha juhudi ya namna ile katika somo lolote ninalowafundisha.

Washauri sikuwatafuta, walikuja wenyewe.

Wa kwanza alikuwa kijana wa umeme wa magari. Alilisikiliza gari likisema "tak" na kunyamaza, akatamka bila kufungua boneti: "Betri." Nikanunua betri. Gari likawaka vizuri, likawaka na kesho yake, likawaka mpaka nikaanza kumsifia kijana yule kwa watu. Kisha likagoma. Nilipomrudia alitikisa kichwa kwa huzuni, akasema betri za siku hizi ni za kichina, na kwamba kama ningekuwa na ile ya zamani tungeirudisha. Ile ya zamani alikuwa ameichukua yeye.

Wa pili ni jirani yangu, dereva mstaafu wa malori. Yeye alisema hita plagi. Ndani ya injini ya dizeli kuna vijiti vinne, kimoja kwa kila silinda, vinavyopasha moto chumba kabla ya kuwasha. Ndiyo maana kwenye dashibodi kuna taa ya njano yenye umbo la koili, na ustaarabu ni kusubiri izimike. Mzee alinieleza haya yote kwa kirefu, asubuhi ya mwezi wa Saba, wakati Iringa ina baridi ya kukunja vidole na mimi nina kipindi saa moja na nusu. Nikabadilisha zote nne. Gari likapona tena, na jirani akaanza kusalimiwa mtaani kwa jina la "Injinia". Heshima hiyo ilidumu kama ilivyodumu ya kijana wa betri.

Shemeji yangu, mume wa dada, aliamini dizeli. Kwa shemeji kila kitu ni dizeli: vituo vinachanganya na mafuta ya taa, vinachanganya na maji, kuna kituo kimoja tu mji mzima chenye dizeli ya kweli na anakijua yeye. Fundi wa pampu kule bondeni aliitazama pampu yangu kwa macho ya mtu anayejenga nyumba na kukwama kwenye lenta. "Pampu imechoka, mama. Tuishushe." Hapo niliondoka mbio, gari likiwa bado linaunguruma.

Mama yangu mzazi alisema kuna mtu hapendi niwe na gari. Nilimwambia mtu huyo ni mimi.

Kilele cha matibabu haya kilikuwa kanisani. Usharika wetu uko kwenye mwinuko, na siku hiyo nilichelewa, nikaegesha mahali pekee palipobaki: pua ya gari juu, mkia bondeni, ukuta nyuma. Ibada ilikuwa ndefu, kwaya nne zikiimba na moja ikirudia. Baada ya hapo ukaja mnada wa sadaka za mazao, mayai, ndizi, maharage, na jogoo mmoja mwekundu ambaye sikumtaka. Nilipandisha dau mara moja tu kwa nia ya kumchangamsha mzee mmoja aliyekuwa ananyata kwenye bei ya chini, mzee akanyamaza, jogoo akawa wangu.

Nikaingia garini na jogoo. Nikazungusha ufunguo. Safari hii halikusema "tak". Stata ilizunguka kwa nguvu zote, wuu-wuu-wuu, lakini injini haikushika na bomba la moshi halikutoa hata pumzi. Usharika mzima ukasimama. Wanaume wenye suti wakazunguka boneti, maana boneti ikifunguliwa hadharani kila mwanamume ana wajibu wa kuchungulia, hata yule ambaye maishani mwake hajamiliki baiskeli. Mmoja alivuta waya. Mwingine aligonga filta kwa kidole. Wa tatu, mzee wa kanisa mwenye sauti nzito, alishauri tumtangulize Mungu, akaweka mkono juu ya boneti na kuomba kwa mapana, akianza na gari, akapita kwa mwenye gari, akamaliza na barabara zote za mkoa. Wakati huo kijana mmoja wa kwaya alikuwa ameinama pembeni akibinyabinya kitu fulani cheusi juu ya filta, polepole, kwa sababu tu kilikuwa kinabonyea. "Amina," wakasema. Nikawasha. Likapiga stata kidogo, likakohoa moshi, likawaka. Akina mama wakapiga vigelegele. Jogoo akawika.

Nimesimulia tukio hili kwa sababu kila kitu kilichonisumbua kimo ndani yake. Gari la namna hii lazima litawaka, mapema au baadaye, na aliyekuwa anafanya jambo lolote wakati huo ndiye anayeondoka na sifa. Kijana wa betri hakuwa mwongo. Aliweka betri, gari likawaka. Jirani naye vivyo hivyo. Wote walikuwa na ushahidi, na wote ushahidi wao ulikuwa uleule. Kila nilipobadilisha kitu nililipia fedha, nikapata siku kadhaa za amani, nikawa mbali zaidi na ukweli kuliko nilipoanza.

Ikaja sendofu ya mtoto wa kaka yangu, Dar es Salaam, karibu kilomita 500. Shemeji alijitolea kunisindikiza, na tukakubaliana masharti: gari likiwaka Iringa, halizimwi. Tukashuka Kitonga kwa adabu. Ruaha Mbuyuni tulinunua vitunguu injini ikinguruma, muuzaji akidhani tuna haraka, kwa hiyo hakupunguza bei. Ndani ya hifadhi ya Mikumi, ambako barabara inapita mwendo wa kama kilomita 50 katikati ya wanyama, tembo walikuwa kando ya lami na magari ya watalii yamesimama, yamezimwa, watu wanapiga picha. Shemeji akasema, "Tusimame kidogo." Nilimtazama hadi akaomba radhi.

Morogoro dizeli ikafika mwisho. Kijana wa kituo akaja na mpira wake.

"Mama, zima gari."

"Mwanangu, nikilizima ndiyo tumehamia hapa."

"Sheria, mama."

Alikuwa na haki, na nyuma yangu basi la abiria lilikuwa linapiga honi. Nikalizima kwa mkono uliokufa ganzi. Akajaza, nikalipa, nikazungusha ufunguo nikiwa nimefumba macho. Likawaka papo hapo.

"Umeona?" akasema shemeji. "Dizeli ya hapa safi."

Dizeli ya hapo ilikuwa haijafika hata robo ya njia kutoka kwenye tangi kwenda injini.

Mimi ni mwalimu wa historia. Nilipoona sayansi imenishinda nikakimbilia kwa marehemu. Rudolf Diesel, Mjerumani aliyezaliwa Paris mwaka 1858, alipata hataza ya wazo lake mwaka 1893, na injini yenyewe ikafanya kazi sawasawa huko Augsburg mwaka 1897. Usiku wa tarehe 29 Septemba 1913 alikuwa ndani ya meli kutoka Antwerp kwenda Uingereza. Alikula chakula cha jioni, akaaga wenzake, akaenda chumbani, na hakuonekana tena akiwa hai. Wapo wanaosema ni madeni, wapo wanaosema ni njama. Mimi, kila gari likinigomea gizani, nina dhana yangu ya tatu.

Aliyenitoa kwenye shimo hili ni fundi mzee ambaye gereji yake haina hata kibao, iko nyuma ya wauza mbao. Nilifika kwake na mdogo wangu wa kiume, na nilishazoea mafundi kumweleza yeye huku mimi nikiwa nimesimama na ufunguo mkononi. Mzee huyu alinitazama mimi. Hakufungua boneti. Aliuliza swali ambalo, kwa fedha zote nilizotoa, hakuna aliyewahi kuniuliza:

"Linagomaje?"

"Linagoma tu, baba. Haliwaki."

"Hapana, mwalimu. Kugoma ni kwingi."

Akakaa juu ya rimu ya lori akanifundisha. Dizeli haina plagi ya cheche kama petroli. Inabana hewa, inaibana mpaka inabaki sehemu moja kati ya ishirini na kitu, na hewa hiyo inapata joto linalopita nyuzi 500. Dizeli ikinyunyizwa humo inawaka yenyewe. Kwa hiyo injini ina madai matatu tu: izungushwe kwa kasi ya kutosha, ipate mafuta, ipate joto. Na kila dai lina namna yake ya kulalamika. Ikisema "tak" na kunyamaza, haizungushwi. Hapo usitaje mafuta wala hita plagi, zungumza habari za umeme na stata. Ikizunguka vizuri na bomba halitoi moshi kabisa, mafuta hayafiki. Ikizunguka na kutoa moshi mweupe wenye harufu ya dizeli, mafuta yanafika lakini hayaungui, na hapo ndipo jirani yako angekuwa na haki.

"Sasa lako ni lipi?"

Nikafungua mdomo, nikaufunga. Nilikumbuka "tak" ya asubuhi nyingi. Nilikumbuka pia kanisani, stata ikizunguka na bomba likiwa kavu. Mzee akaona ninavyohangaika, akanituma nyumbani bila kugusa nati hata moja. "Nenda ukaandike. Kila ukiwasha. Saa, baridi au moto, limeegeshwaje, limelia nini, moshi upi. Likigoma, washa taa kubwa kisha zungusha ufunguo, uone taa zinafifia au hazififii. Usibadilishe kitu."

Kuandika tu ndiko kunakoniwezesha kuishi. Nilichukua rejesta ya mahudhurio iliyobaki kabatini shuleni, nikachora safu. Gari likiwaka, mstari. Likigoma, sifuri. Likiwaka baada ya kubembelezwa, M ya "mchelewaji". Kidato cha tatu B walipojua kwamba gari la mwalimu linaitwa jina kila asubuhi, nidhamu yao ilipanda kwa wiki nzima, na mmoja aliniuliza kama litaitiwa mzazi.

Rejesta ilipojaa kiasi, mambo yakajitenga yenyewe bila mimi kuwa na akili yoyote. Sifuri za "tak" zilikuwa popote: tambarare, mteremko, baridi, jua kali, na katika zote taa kubwa ziliwaka bila kufifia. Sifuri za bomba kavu zilikuwa na tabia nyingine kabisa. Zote zilitokea gari likiwa limelala saa nyingi pua juu. Nyumbani nikiingiza gari kwa pua, asubuhi kavu. Kanisani, kavu. Shuleni kwenye tambarare, haijawahi kutokea hata mara moja. Hayakuwa maradhi ya gari moja linalobadilika tabia. Yalikuwa maradhi mawili yanayopokezana zamu.

Mzee alisoma rejesta mstari kwa mstari, akilamba kidole kila akifunua ukurasa, kisha ndipo akavua koti. Alianza na mafuta. Alikata kipande cha mpira wa dizeli kati ya filta na pampu, akaweka badala yake kipande cha mpira unaopenya mwanga, akaliegesha gari pua juu na kwenda kunywa chai. Tuliporudi akaniambia nizungushe ufunguo. Ndani ya mpira ule yalipita mapovu, moja, mengine, kisha msururu. Hewa. Ile pampu ya mkono juu ya filta, kitu cheusi alichokuwa anakibinya kijana wa kwaya, mpira wake wa ndani ulikuwa umepasuka uzi mwembamba sana. Haukuvujisha dizeli nje hata tone, ndiyo maana hakuna aliyeushuku, lakini ulikuwa unavuta hewa. Na gari likilala pua juu, dizeli ilirudi tangini taratibu usiku kucha, asubuhi pampu inanyonya upepo. Kijana yule wa kwaya, kwa kubinya, alikuwa ameivuta dizeli kutoka tangini na kuisukuma mbele tena. Sijui kama niende nikamwambie. Mzee wa kanisa ameshatoa ushuhuda mara mbili.

Kwenye stata alitumia testa, kitaa kidogo chenye waya na ncha. Alikibandika kwenye waya mwembamba unaoleta amri kutoka kwenye ufunguo, akaniambia nizungushe, na zungusha tena, na tena, mpaka "tak" ilipojitokeza. Kitaa kiliwaka vilevile. Amri imefika, akasema, mtendaji ndiye hataki. Akaishusha stata, akaifungua kichwa chake, na humo mlikuwa na vipande viwili vya shaba vinavyokutanishwa ili umeme mkubwa upite. Kimoja kizima. Cha pili kimeliwa upande mmoja, kimebaki na ukingo kama kisu, kwa hiyo mara kinagusa, mara hakigusi, kutegemea stata imeamka na upande gani. Miaka thelathini ya kuwasha na kuzima. Alichonga kingine kutoka kwenye shaba chakavu iliyokuwa ndani ya kopo la maziwa ya unga, akakisugua kwa msasa mpaka kikang'aa, akakifunga. Kazi yote, pamoja na mpira mpya, iligharimu pungufu ya yule jogoo.

Habari zilienea kabla sijafika nyumbani. Kijana wa umeme alinisimamisha njiani: "Si nilikwambia, mama? Umeme!" Shemeji alipiga simu: "Si nilisema ni mambo ya dizeli?" Fundi wa pampu alitaka ijulikane kwamba ile ya mkono nayo ni pampu. Jirani alinyamaza siku mbili, kisha akaja na hoja kwamba lisingepona bila hita plagi mpya, zilizoandaa mazingira. Mama yangu aliuliza tu kama fundi huyo ni mtu wa kwetu, nikasema ndiyo, akaridhika.

Fundi mwenyewe alikataa kusema limepona. Gari la kwenda na kurudi, alisema, linapona likipita masika na kipupwe bila sifuri, niendelee kuandika. Kwa hiyo shemeji alipokuja kuliazima kwenda harusini Mafinga, nilimpa ufunguo na rejesta kwa pamoja, nikamwambia asiniharibie takwimu. Aliahidi. Lilirudi kesho yake jioni likivutwa na trekta. Rejesta ilikuwa safi, mistari imenyooka, mwandiko wa mtu aliyechukua jukumu kwa moyo wote: Iringa, liliwaka. Mafinga, liliwaka. Mafinga tena, liliwaka. Kisha, chini kabisa: "Ifunda. Limezima lenyewe, halitaki tena. Stata inazunguka. Moshi hakuna. Mshale wa dizeli uko chini ya alama ya mwisho. Nadhani ni betri."